Karatasi ya Mashine Iliyofunguliwa

Ndani ya treni ya Nambu, Shizue alikuwa amefumba macho nusu kama abiria mwenye adabu, ila masikio yalikuwa wazi. Kulia kwake, mzee Nagamine alipakata boksi huku akizungumza na mwanamke aliyekaa naye.

"Ni mashine ya kupimia mawimbi ya umeme. Naipeleka posta Noborito, iende kwa mwalimu mmoja huko Chile. Wanafunzi wake wanaisubiri."

"Mzee wangu, mimi nasafirisha mizigo. Una karatasi ya kiwanda inayosema haihitaji kibali cha kutoka nchini? Hata mashine ya mtu binafsi haitoki bila hiyo."

"Binti, mimi si wa jana." Akatoa karatasi yenye muhuri. "Soma. Kasi yake ya kupima ni ndogo, wizara haina shida nayo."

"Safi. Hukuifungua lakini?"

"Nimeifungua!" Mzee alitabasamu. "Sasa ina kasi mara kumi zaidi ya ilivyotoka kiwandani."

Shizue nusura afumbue macho kabisa. Mzee amejifunga mwenyewe, aliwaza, tena kwa furaha.

"Basi karatasi hiyo ni ya mashine nyingine," alisema mwanamke. "Kwa kasi hiyo inaweza kutumika hata kwenye silaha, huenda ikahitaji kibali cha wizara."

"Namba ni ileile!"

"Namba ndiyo, mashine siyo. Irudishe ilivyokuwa, ndipo uitume."

"Kazi ya miezi minane niing'oe kwa mkono wangu?"

"Au uombe kibali, mwalimu asubiri."

Treni ikasimama Noborito. Milango ilifunguka, na mzee, mikono juu ya boksi, hakuinuka.