Bi Mwanamina, Aliyewafungulia Wageni Shamba la Machungwa

Ijumaa ya tarehe 29 Agosti 2025, Bi Mwanamina Mashaka anastaafu baada ya kulitumikia Shamba la Haruna na Wanawe, hapa Mahege, kwa miaka thelathini na minne. Amefanya kazi na vizazi vitatu vya familia moja: Mzee Haruna aliyepanda miti ya kwanza, mwanawe Mzee Saadi, na sasa Sabra binti Saadi, msimamizi wetu. Wote watatu, kila mmoja kwa zamu yake, amewachosha kwa maswali.

Aliajiriwa mwaka 1991 kumwagilia miche. Haikupita muda akawa anauliza kwa nini mchenza wa karibu na kisima unachelewa kuivisha, na kwa nini siafu wanaupenda mti huu wakauacha ule. Alipokosa jibu alionja: jani, ganda, hata udongo. Mzee Haruna akaamua kumfundisha kubebesha miche, kupachika kijiti cha mchungwa juu ya shina la mlimau, akitumaini kwamba mikono ikishughulika mdomo utapumzika. Haukupumzika.

Mwaka 2009 mambo yalikuwa mabaya. Wanunuzi wa Dar es Salaam walikuwa wamehamia kwingine, na machungwa yakawa yanaoza chini ya miti. Mzee Saadi, aliyekwisha kulirithi shamba, aliamua kwamba msimu ukiisha miti ikatwe, upandwe ufuta. Bi Mwanamina aliambiwa mapema atafute kazi nyingine.

Ijumaa moja, Mzee Saadi akiwa msikitini, gari lililobeba watu wa harusi kutoka Salale liliharibika mbele ya geti. Kina mama wakabisha hodi kuomba maji. Bibi harusi, Mwanahawa, alikuwa amekulia kwenye mikoko na maji ya chumvi; machungwa aliyajua ya kwenye kapu tu. Alisimama mbele ya mti uliosheheni, akauliza, "Mama, naweza kulichuma mwenyewe?"

Amri ya shamba ilijulikana: mgeni hagusi mti. Bi Mwanamina akatazama barabarani, akamtazama mwali.

"Chuma, mwanangu. Ila usivute. Lizungushe hivi, litakufuata lenyewe."

Mzee Saadi aliporudi aliwakuta kina mama wametapakaa shambani, mabuibui wameyafunga kiunoni, wanacheka na kubishana. Sisi tuliokuwa getini tulijua kazi ya mwenzetu imeishia hapo.

"Mwanamina, nani kakuruhusu?"

"Hakuna, Mzee. Nilitaka kuona mtu akiachiwa achague mwenyewe, atachagua lipi."

"Haya, umeona nini?"

"Hakuna aliyechagua kama mwenzake. Na hakuna anayetaka kuondoka."

Ilikuwa kweli. Gari lilikwisha kutengenezwa, dereva anapiga honi mpaka anakereka, na hakuna aliyegeuka. Mzee Saadi akaenda stoo akatoka na kikapu, akampelekea bibi harusi. Baada ya siku chache jamaa wa harusi walirudi na majirani zao kuchuma na kununua, na majirani wakaleta wengine. Hakuna mti uliokatwa. Kabla msimu haujaisha, kibao cha "Karibu Uchume Mwenyewe" kilikuwa barabarani, na kazi ya kuwapokea wageni akapewa yeye.

Si kila udadisi wake ulizaa matunda. Aliwahi kuweka mizinga ya nyuki karibu na geti aone kama machenza yataongezeka. Yaliongezeka, lakini wageni walikimbia, na kuna bwana mmoja ambaye viatu vyake tunavyo mpaka leo. Kwa upande mwingine, ni yeye aliyebebesha mchungwa, mchenza na mndimu juu ya shina moja la mlimau. Mara kadhaa vijiti vilikauka, na Mzee Saadi akamsihi aache. Leo wageni wanauita Mti wa Wakewenza, na hakuna anayeondoka bila kupiga nao picha.

Wiki hii Sabra alimuuliza, "Bi Mwanamina, umechoka kweli?"

"Magoti ndiyo yamechoka, mwanangu. Mimi bado nataka kuona."

Anahamia Chumbi kwa mwanawe Hemedy, mkulima wa mpunga. Hemedy ametupigia simu kulalamika kwamba mama hajafika bado, na tayari anataka kujua kwa nini mchele wa shamba lake haunukii kama wa jirani.

Bi Mwanamina, asante kwa mikono yako, kwa vicheko, na kwa siku ile uliyothubutu. Mwenyezi Mungu akujaalie afya, na wajukuu wenye subira ya kukujibu. Tunakutakia maisha mema, na marefu ya kutosha kwa maswali yote yaliyobaki.

Hadija Twalibu, kwa niaba ya wafanyakazi wenzako