Alichosema Mama wa Bafu

Jambo la mwisho la kawaida alilofanya mke wangu Chizuko lilikuwa kuzima na kuwasha taa ya jikoni mara mbili. Alizaliwa kiziwi, na hivyo ndivyo alivyoniita mezani. Tangu mazishi yake sijaongea lugha ya alama; mikono yangu haina wa kuongea naye. Jana mchana wenzangu wa kijiweni walinikokota hadi kwenye sinema ndogo ya mtaa. Tulipotoka tukaketi kwenye benchi letu kando ya mashine inayouza kahawa ya kopo kwa sarafu, kila mtu na kopo lake la moto. Reli ni dereva wa treni mstaafu, Wembe ni kinyozi, mimi wananiita Mwalimu. Filamu ilimhusu mjane kiziwi anayeendesha bafu la mtaa, lile la kulipia ambamo majirani huoga pamoja, aliloachiwa na mumewe.

— Yule mama si kiziwi, Reli alianza. Haiwezekani! Alijuaje maji yamechemka?

— Ni kiziwi kwelikweli, Wembe akasema. Na yule aliyeigiza mchochea moto wa bafu lake, mkono mmoja hana kweli. Hakuna aliyejisingizia pale.

— Basi kulikuwa na mtu chini ya maji anamvuta kamba. Wahenga walisema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Guu gani? Umeona guu lililovunjika pale?

— Nasema tu.

— Wewe honi za treni zimekumaliza, masikio yako siku hizi ni ya kuning'inizia miwani. Halafu unamkagua mwenzio!

Tulicheka. Kisha Wembe akashusha sauti.

— Lakini ule mwisho, jamani.

Filamu nzima ilikuwa na maandishi chini ya picha. Chizuko aliishi akitazama filamu za kigeni tu, kwa sababu ndizo zilizoandikwa. Za kwetu zilimpita midomo ikichezacheza. Sasa, mwishoni kabisa, mama yule alisimama mbele ya bafu tupu, mvuke ukipanda, akaongea kwa mikono muda mrefu, na maandishi yakatoweka. Viziwi waliokaa viti vya mbele walicheka, halafu wakafuta machozi. Sisi wenye masikio tulibaki gizani kama watu waliofungiwa nje ya nyumba yenye sherehe.

— Alikuwa anaomba dua, Reli akasema.

— Dua gani watu wanacheka?

— Basi alikuwa anaitukana serikali. Ndiyo maana wakaficha maandishi.

— Alikuwa anaaga dunia nzima, Wembe akasema. Mtu mmoja mmoja. Haba na haba hujaza kibaba.

— Kibaba cha nini?

— Cha machozi, mjinga wewe. Nimekuona ukijifuta kwa kofia.

Bi Hatano, aliyehamia juzi kwenye duka la chai lililo mkabala, alikuwa amesimama mbele ya mashine, sarafu mkononi.

— Samahani, kaka zangu. Nami nilikuwamo ndani. Hivi yule mama alisema nini?

Reli alitazama kopo lake. Wembe alimtazama Reli. Kisha wote wawili, polepole, wakaitazama mikono yangu.

Nilikuwa nimeelewa kila neno. Niliweka kopo chini, nikainua mikono hadi kifuani. Ilikwama hapo.

— Acha, Mwalimu, Reli akasema. Si lazima.

Taa nyekundu ikawaka kwenye mashine: kahawa imekwisha. Bi Hatano akainama kwa heshima, akaenda zake. Nasi tukatawanyika bila kuagana.

Leo asubuhi niliweka wali na chai mbele ya picha ya Chizuko, kwenye madhabahu ndogo ya nyumbani ya kumkumbukia. Nilishika kijiti cha kugongea kengele ya madhabahu, kama kila asubuhi, na hapo ndipo nilipojiona: miezi yote hii nilikuwa nikimgongea kengele mtu asiyesikia. Nikakirudisha. Nilizima taa, nikawasha. Nikazima, nikawasha. Kisha nikainua mikono, nikamsimulia filamu yote tangu mwanzo, mpaka pale mama anapomtania marehemu mumewe kwa uvivu wake, halafu anamwita: maji yako tayari, njoo kabla hayajapoa.