Mwalimu Elirehema Mbaga na Darasa Lililojua Kunyamaza

Baada ya miaka thelathini na mitatu ya kufundisha Historia katika shule yetu hapa Mamba, Mwalimu Elirehema Mbaga anastaafu tarehe 30 Juni mwaka huu. Sehemu kubwa ya miaka hiyo alikuwa mwalimu wa nidhamu, cheo alichokipenda kuliko Historia yenyewe.

Kila mwalimu mgeni alipelekwa kwanza kwake ajifunze namna ya kumudu darasa. Somo lenyewe lilikuwa fupi: madawati yanyooke, mikono juu ya meza, midomo ifungwe. Wageni kutoka wilayani tuliwapitisha dirishani kwake kama watalii, nao walitikisa vichwa kwa kuridhika. Hakuna aliyeuliza wanafunzi wale wamejifunza nini, maana wa kujibu walikuwa kimya. Tulimpa cheti cha nidhamu, na mwaka uliofuata tukampa kingine, kwa kukosa mawazo.

Mwalimu Koleta alipohamia kwetu kutoka Kigoma kufundisha Biolojia, darasa lake lilivuma kama mzinga. Mwalimu Elirehema alikuwa akiacha kipindi chake, anavuka uwanja, anasimama mlangoni kwake mpaka vijana wananyamaza, kisha anamwambia mama wa watu, kwa upole kabisa, kwamba sasa anaweza kuendelea.

Halafu ikaja masika ya mwaka juzi. Mwalimu alikuwa Kidato cha Pili, amewapa mgongo, anajaza ubao. Nyuma yake kiti kikaanguka. Bila kugeuka, alionya kwamba atakayefungua mdomo atatoka nje, akaendelea kuandika mpaka ubao ukajaa. Alipogeuka, Blandina alikuwa sakafuni, amezimia kwa malaria. Darasa zima lilikuwa limekaa wima, mikono juu ya meza. Raheli peke yake, aliyekaa naye dawati moja, alikuwa ameinama akimshika mkono, machozi yanamtiririka bila sauti.

Mwalimu aliuliza kwa nini hawakumwambia. Raheli ndiye aliyejibu.

"Ulisema anayefungua mdomo anatoka nje, Mwalimu."

Alimbeba Blandina mwenyewe, akapanda naye bodaboda kwenye matope hadi zahanati, akakaa pale mpaka mtoto akafumbua macho. Sisi wenzake tulikaa kikao. Tukampongeza kwa kuwahi usafiri, tukailaumu malaria, tukanywa chai. Yeye hakugusa kikombe. Alivibandua vyeti vyake ukutani na hatujaviona tena.

Jumamosi yake alipanda hadi nyumbani kwa akina Blandina kuomba radhi. Mama yake, Veneranda, alikuwa shambani akichimba tangawizi. Alimsikiliza mpaka mwisho, akafuta mikono kwenye khanga.

"Mwalimu, huyu mtoto hapa nyumbani hanyamazi," alisema. "Aliponyamaza, mimi nilidhani shule ndiyo imemkomaza. Kumbe mlikuwa mnamtisha."

Jumatatu, mwalimu wa nidhamu alibisha hodi darasani kwa Koleta, akaomba kukaa dawati la nyuma. Koleta alimruhusu. Mgeni alipoanza kuwakemea waliokuwa wakibishana kuhusu mbu, aliambiwa anyooshe mkono kama wenzake. Akanyoosha. Tulijazana dirishani kushuhudia, na vipindi vyetu vikajiendea vyenyewe.

Kubadilika hakukumjia kirahisi. Wiki za mwanzo aliwaamuru wanafunzi wamuulize maswali kwa ukali uleule aliowanyamazishia, na asiye na swali akasimamishwa. Walikuwa wakimtazama tu, wakisubiri mtego ufyatuke. Mpaka siku moja Blandina aliuliza kwa nini kitabu kinataja machifu wengi hivyo na hakimtaji hata mwanamke mmoja aliyelima. Mwalimu aliweka chaki mezani. Akasema hajui. Habari hiyo ilifika chumba cha walimu kabla ya kengele, na baadhi yetu tukauliza kama anaumwa.

Tangu hapo darasa lake limekuwa na kelele za watu wanaobishana juu ya jambo. Mwezi uliopita mkuu wa shule alikwenda kuwatuliza. Mwalimu Elirehema alimpokea mlangoni, akamkaribisha aingie, akamwonyesha nafasi kwenye dawati la nyuma. Mkuu akakumbuka kwamba ana kikao.

Sasa anashuka bondeni Ndungu, kwenye mpunga wake. Tunaingiwa na wasiwasi kidogo, kwa sababu mpunga hukaa kwa mistari na haumjibu mtu. Lakini mkewe, Mama Redempta, ametuhakikishia kwamba nyumbani ukimya hautakuwepo.

Ahsante, Mwalimu, kwa yote, na zaidi kwa haya ya mwisho, ambayo wengi wetu bado hatujathubutu kuyafanya. Mungu akupe afya njema na miaka mingi ya raha, na kila siku usikose mtu wa kukubishia.