Trépied Nyepesi na Jiwe Lake

Garini kutoka Manguredjipa kwenda Butembo, Mama Kahongya, muuza samaki wa chumvi, alikuwa amechoka kumsikia jirani yake, Éliakim mpiga picha, akiisifu trépied yake, ile miguu mitatu ya kusimamishia kamera.

"Mama, ni légère, nyepesi kabisa. Napanda nayo ku milima, hapana kuchoka."

"Na upepo ikipiga?"

"Natundika jiwe chini yake." Akamwekea mapajani mfuko wenye jiwe hilo aupime. Mama akaguna.

"Donc unachagua kitu mwepesi, kisha unabeba jiwe. Huko ku milima mawe haiko?"

"Hii ya Manguredjipa nimeizoea, mama."

Gari likasimama kwenye barrière, kizuizi cha barabarani. Askari akachungulia, akauliza nani amebeba mawe kutoka machimbo ya dhahabu ya Manguredjipa. Mfuko ulikuwa bado mapajani mwa Mama Kahongya, naye Éliakim akawa anaitazama milima kana kwamba hajawahi kuipiga picha.