Jorunn Vetlenes Anashuka kutoka Boti ya Shule

Ijumaa, tarehe 30 Mei 2025, Jorunn Vetlenes ataifunga boti ya Terna gatini kwa mara ya mwisho akiwa nahodha wetu. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na minane ya kuwavusha watoto wa Skardfjorden kwenda shule, wakiwemo mama wa watatu kati yetu na mwalimu wetu wa hesabu.

Alianza kazi mwaka 1987, wakati boti hiyo hiyo ilipokuwa ikibeba maziwa ya mashambani pamoja na wanafunzi. Amewahi kuvusha piano, kitanda cha maharusi, na kondoo dume aliyekula daftari la jiografia. Mwanafunzi akisahau jaketi la kujiokolea, humwambia, "Vaa. Maji haya hayajui kwamba baba yako ni mkubwa wa halmashauri." Katika miaka yote hiyo hakuna mtoto aliyeanguka majini. Aliyeanguka ni yeye mwenyewe, mwaka 1996, na hapendi litajwe. Tunaomba radhi.

Lakini wasifu huu usingekamilika bila safari ya Mei mwaka jana.

Wanafunzi tisa na mwalimu wetu, Sigbjørn Aase, tulikwenda naye hadi Instedalen, mwisho kabisa wa fjordi, ule mkono mwembamba wa bahari unaoingia kati ya milima yetu, ambako milima imeyabana maji pande zote na hakuna anayeishi tena. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu na theluji ilikuwa inayeyuka huko juu. Tulishuka kwenye gati la zamani, chini ya maporomoko ya maji, tukawasha moto wa kuchoma soseji. Jorunn alizima injini, akajimiminia kahawa. Kikombe hakikufika mdomoni.

"Hebu nyamazeni."

"Mbona hakuna kitu kinachosikika?" Sigbjørn aliuliza.

"Ndicho kinachonitisha."

Tulitazama juu. Kwa mvua ile, maporomoko yalipaswa kunguruma. Yalikuwa yamebaki uzi mweupe, na sisi tulikuwa tumeona yamependeza, tukapiga picha. Jorunn alielewa kwamba theluji iliyolowa imeziba korongo, na maji yanajikusanya nyuma yake.

"Pandeni botini! Sasa hivi!"

"Jorunn, soseji hata hazijaiva!"

"Utakula mbichi, Sigbjørn. Panda!"

Tulipanda wanane. Mwenzetu wa tisa, Ylva, hakuwepo. Alikuwa amekwenda nyuma ya ghala la nyasi, juu mtelemkoni, mahali ambapo sauti zetu hazikumfikia. Jorunn aliwasha injini, akamkabidhi Sigbjørn usukani.

"Maji yakigeuka kahawia, ondoka. Usinisubiri. Umenielewa?"

Kisha akaupanda mtelemko, mwanamke wa miaka sitini na mitano. Sisi tukabaki tukiutazama ule uzi. Ulikuwa mweupe. Ukakatika kabisa. Uliporudi, ulikuwa wa kahawia.

Sigbjørn hakuondoka. "Dakika moja," alisema, hatujui alikuwa akimwambia nani. "Moja tu."

Jorunn akatokea akimvuta Ylva kwa mkanda wa begi. Waliruka ndani pamoja, na boti ikaondoka kwa kasi ambayo hatukujua inayo. Hatukuwa tumefika mbali pale korongo lilipofunguka. Theluji, matope na mawe vilishuka kwa kishindo, vikalichukua gati lote pamoja na moto wetu. Jorunn alishika usukani, akaielekeza omo, pua ya boti, kwenye wimbi. Boti ilipanda, ikashuka, ikapanda tena. Maji yalipotulia alituhesabu mara tatu, akitugusa kichwani mmoja mmoja.

Halafu akamgeukia Sigbjørn.

"Nilikuambia uondoke! Watoto wanane! Uliwaweka hatarini wanane kwa ajili ya wawili!"

"Mmoja wa hao wawili alikuwa wewe."

"Nani alikuuliza?"

Kwa mwaka mzima Jorunn hajampa kahawa. Darasani tumebishana mara nyingi nani alikuwa na haki, na hatujapata jibu. Hata sasa, mvua ikinyesha siku ya tatu, baadhi yetu hatulali vizuri.

Kuanzia Juni, nahodha atakuwa Kjartan Østrem, ambaye amefanya naye kazi tangu Januari. Tulimuuliza Jorunn kama Kjartan anaiweza kazi. "Anajua kuogopa," alijibu. Tunajua kwamba kwake hiyo ni sifa kubwa, na imetupa matumaini.

Tulipomwomba neno la kuweka kwenye wasifu huu, alifikiri kutoka gati moja hadi jingine. Kisha akasema tuandike kwamba Sigbjørn Aase alikosea, na kwamba yeye, Jorunn, anamshukuru.

Tumeandika kama alivyosema.

Asante, Jorunn, kwa kila asubuhi uliyotufikisha. Tunakuombea afya, usingizi mzuri na miaka mingi yenye furaha.

Solfrid Nesbakk, kwa niaba ya darasa la tisa