Mama Nestory na Matanga ya Saa Tisa

Tarehe 30 Juni 2025, Bi Anisia Mageni, Mpishi Mkuu wa bwalo la Mgodi wa Bulyangele, anastaafu baada ya kutulisha kwa miaka ishirini na sita. Uongozi umeniomba mimi, Denis wa ghala, niandike wasifu wake kwa ajili ya jarida letu. Wenzangu kadhaa waliombwa kabla yangu wakakataa, wakisema wanamwogopa. Mimi pia namwogopa, ila nilikuwa likizo siku ambayo watu walikuwa wanakataa.

Mama Nestory, kama tunavyomwita sote, alizaliwa Ushirombo katika familia ya wakulima Wakatoliki. Mapishi alijifunza kwa masista wa parokia, ambao walimfundisha mambo mawili: kutomwaga chakula, na kutomwogopa mwanaume kwa sababu tu amevaa tai. Baadaye alipika kwenye hoteli ndogo huko Ibadakuli, hadi mwaka 1999 aliposikia kwamba mgodi unatafuta wapishi.

Usaili wake ungali unasimuliwa. Mzungu aliyemsaili alitaka kujua kama anaweza kupika "kontinental". Mkalimani akatafsiri kwamba anaulizwa kuhusu chakula cha bara. Anisia akacheka.

"Mimi nimezaliwa bara, nimekulia bara, na Zanzibar sijawahi kukanyaga," akasema. "Mngeniuliza chakula cha visiwani, hapo ndipo ningeshindwa."

Aliajiriwa siku hiyo hiyo. Hakujua kwamba visiwa vyenyewe vilikuwa njiani.

Vilifika mwaka 2008. Mgodi ulikuwa unachimba shimo refu la wima la kuteremkia chini, na mkandarasi akaleta mafundi waliozoea kazi hiyo: Wajamaika, Watrinidadi na Waguyana wachache, wote watu wa Karibi. Meneja wetu wa kambi wakati huo, Bwana Charles Marwa, alitundika kitambaa langoni kilichoandikwa KARIBUNI WAKARIBI. Nusu ya wafanyakazi wakadhani mchoraji amekosea akarudia neno, wakamwonea huruma.

Aliyetusisimua zaidi alikuwa Mjamaika mmoja, fundi wa winchi, jina lake Cuthbert Dunkley. Mrefu, mweusi, mwenye kipara kinachong'aa. Ungemweka Samuye katikati ya wafugaji, wangemwuliza ng'ombe wake wako wapi. Kila mtu alimsemesha Kisukuma. Siku ya kwanza sokoni muuza nyanya alimwamkia, "Mwangaluka!" Cuthbert akatabasamu, akajibu kwa lafudhi ya kwao, "Yaa, mani!"

Yule mama alisikia "Jamani!"

"Jamani nini tena, baba?" akaruka kutoka kwenye kigoda chake. "Nani kakufanya nini?"

Kufumba na kufumbua wanawake wamemzunguka, wanampa pole na kumshika mikono. Mmoja akamletea maji ya kunywa. Cuthbert alirudi kambini na nyanya za bure, akasema hajawahi kuona watu wakarimu namna hii.

Mwenzake, Ramkissoon wa Trinidadi, alipata mtihani wa aina nyingine. Alikwenda dukani kwa Mama Rushabh, yaani Bi Bhagwati wa duka la vitambaa, kununua shuka. Mama Rushabh kumwona tu akamwaga Kigujarati. Ramkissoon akatikisa kichwa. Akajaribu Kiswahili, kichwa kikatikisika tena. Mama Rushabh akashika shavu, akawaambia wateja wengine, "Masikini! Kijana wa Kihindi hajui Kigujarati, hajui Kiswahili. Wazazi wake walikuwa wapi?"

Wazazi wake walikuwa Trinidadi, na babu wa babu yake ndiye aliyepelekwa huko kwa meli kutoka India, kwa mkataba wa kukata miwa, asirudi. Hayo tuliyajua baadaye bwaloni, kwa sababu Mama Nestory alikuwa na desturi ya kukaa na watu wakila, jambo ambalo Bwana Charles alilikataza na ambalo yeye aliliita ukaguzi wa chakula. Mimi nilikuwa mkalimani, kwa Kiingereza changu cha ghala, ambacho kinajua sana majina ya vipuri.

Cuthbert alisema kwao mtoto akizaliwa watu hawaulizi anaitwa nani, wanauliza ataenda wapi. Babu yake alikwenda kuchimba mfereji wa Panama. Baba yake mdogo alikwenda Kuba kukata miwa. Mama yake alikwenda Uingereza akiwa msichana, akafanya kazi ya kufua mashuka ya hospitali mpaka alipozeeka, huku Cuthbert akilelewa na bibi.

"Kwetu vilevile," akasema Mama Nestory. "Baba yangu alikwenda manamba, mkonge wa Tanga. Alirudi na blanketi na kikohozi. Baba yake mkubwa hakurudi kabisa. Tunasikia ana wajukuu Korogwe wanaojiita Wazigua."

Basi wakawa ndugu. Ugomvi pekee ulikuwa mboga. Cuthbert alipoona mchicha alipiga kelele kwamba ni kalalu. Ramkissoon akasema huo si kalalu hata kidogo, kalalu hutengenezwa kwa majani ya magimbi. Wakagombana kwa juma zima, mpaka Mama Nestory akapika sufuria mbili, akaziwekea vibao: KALALU YA JAMAIKA na KALALU YA TRINIDADI. Wachimbaji wetu wa Bukombe, ambao walikuwa wameukataa mchicha kwa miaka, walipanga foleni ndefu kwenye kalalu ya Jamaika wakisema chakula cha kigeni kina nguvu.

Ndipo likaja jambo ambalo wageni wa mgodi huu wanalisikia nusu nusu. Leo naliandika lilivyokuwa.

Mama yake Cuthbert alifariki, huko huko Uingereza. Cuthbert alikuwa ametoka tu kumwuguza kwa likizo yake yote, na mkandarasi akamwambia waziwazi: ukiondoka tena kabla shimo halijaisha, usirudi. Ana watoto shuleni. Akabaki. Aliendesha winchi kama kawaida, akishusha na kupandisha watu bila kusema neno, na hakuna aliyejua, ila Mama Nestory aliona sahani yake inarudi jikoni vilevile ilivyokwenda. Siku ya tatu akavua aproni, akanipitia ghalani nikatafsiri, akamfuata.

"Chakula changu kimekukosea nini?"

Cuthbert akamweleza. Akamweleza pia kwamba kwao msiba hukaa siku tisa, na usiku wa tisa ndio mkubwa: watu hula, huimba, hucheza dhumna, husimulia vichekesho vya marehemu, ndipo marehemu anakwenda zake kwa amani. "Mimi nimekaa chumbani na redio," akasema. "Ataendaje?"

Nilipomaliza kutafsiri, Mama Nestory alikuwa tayari amesimama. "Hayo ni matanga," akasema. "Matanga tunayajua."

Alikwenda moja kwa moja kwa Bwana Charles kuomba bwalo. Bwana Charles alikuwa mtu wa kanuni. Nadhani hata ndoto zake zilikuwa na vifungu. Akasema bwalo ni la kula, si la kulia. Msiba hufanyiwa nyumbani kwa mfiwa.

"Nyumbani kwake ni wapi, Bwana Charles? Kuna maji mangapi katikati?"

"Hilo halimo kwenye majukumu ya jiko."

"Basi nitaufanyia kwangu."

Kukawa na kikwazo kingine. Wageni wa mgodi walikuwa hawaruhusiwi kutoka kambini usiku, na usiku wa tisa, kama jina lake, ni usiku. Mama Nestory alifikiri kidogo tu. "Tisa ni tisa," akasema. "Tutakutana saa tisa mchana." Cuthbert alipoelezwa jinsi Waswahili wanavyohesabu saa, alicheka kwa mara ya kwanza tangu apate habari. Akasema mama yake alikuwa mtu wa kuwahi, hatachukia.

Siku ya tisa ilipofika, Bwana Charles alisimama mlangoni mwa jiko. "Mpishi Mkuu akiondoka leo bila ruhusa yangu, kesho asijisumbue kuja."

Mume wa Mama Nestory alikuwa amekwisha kufariki, na Nestory alikuwa chuo cha ufundi, karo ikitoka kwenye hayo hayo masufuria. Namkumbuka akitazama mikono yake, kama mtu anayeangalia kama ameiosha. Kisha akasema, "Bwana Charles, unga uko stoo, maji yanachemka," akapita pembeni yake. Wapishi wenzake wakamfuata mmoja mmoja. Nami nikafunga ghala.

Nyumbani kwake palikuwa pamejaa. Akina mama wa jumuiya walileta kuni, michembe ya viazi vitamu vikavu na kuku. Mama Rushabh alileta turubai la dukani na sufuria ya dengu. Bibi Apolonia, jirani ambaye kwa kulia msibani hana mpinzani Geita nzima, alikuwa ameanza tangu asubuhi, bila kujua anayeliliwa ni nani.

Mwenyekiti wa mtaa alikuja na swali lake la kawaida. "Marehemu ni mtu wa wapi? Ukoo gani?"

Watu wakamtazama Cuthbert, wakamtazama Mama Nestory.

"Ni mtu wa huku," akasema Mama Nestory. "Wazee wake walitoka zamani sana, hawakuaga."

"Mbona hawakuaga?"

"Hawakupewa nafasi."

Mwenyekiti akavua kofia, akamwendea Cuthbert, akamshika mkono kwa mikono miwili. "Pole, mwanangu. Mmechelewa kutuletea habari, lakini zimefika."

Hilo nililitafsiri vizuri. Najua, kwa sababu Cuthbert alijifunika uso na kulia kama mtoto, na Bibi Apolonia, kwa kuona ameshindwa kwenye uwanja wake wa nyumbani, akaongeza sauti.

Vichekesho nilivitafsiri vibaya. Cuthbert alisimulia kwamba mama yake alipofika Uingereza aliona kila nyumba ina bomba la moshi juu, akadhani zote ni viwanda, akaandika nyumbani kwamba nchi hii haina pa kulala, kazi tu. Mimi sikumudu, nikasema kila nyumba ilikuwa inatoka moshi. Watu wakaguna kwa huruma. "Kumbe Waingereza wote ni wachoma mkaa," akasema mzee mmoja, na hapo uwanja mzima ukaangua kicheko. Cuthbert akadhani kichekesho chake kimefika, akafurahi, akaongeza vingine vitatu.

Ramkissoon naye aliombwa kuimba. Akasema anajua wimbo mmoja tu wa sala aliofundishwa na bibi yake, na hajui maana ya neno hata moja. Alipofika mstari wa pili, Mama Rushabh alidakia kutoka nyuma ya sufuria. Wakaimba pamoja hadi mwisho, machozi yakimtoka yule mama. Kisha akajifuta, akamwambia kwa Kiswahili, huku mimi nikitafsiri, kwamba ametamka vibaya karibu yote na aje dukani Jumapili afundishwe.

Katikati ya hayo yote, Bwana Charles akatokea getini. Shati lake jeupe lilikuwa limetapakaa unga. Alikuwa amejaribu kusonga ugali wa zamu nzima peke yake. Wachimbaji waliokuwepo wanasema ulikuwa na mabonge ambayo watu wa jiolojia wangeweza kuyachukulia sampuli. Alikuja kufukuza watu kazi, na sura yake ilionyesha.

Lakini mtu haingii msibani na maneno mengine kabla ya pole. Mikono ikamshika, akajikuta mbele ya Cuthbert. Akasema, "Pole." Akaketishwa mkekani. Akapewa sahani. Alikuwa hajala tangu asubuhi, kwa sababu hata yeye alishindwa kula ugali wake. Alikula, akaongezewa, na hatimaye akavutwa kwenye dhumna, ambako Wajamaika walimfunga mfululizo mpaka jua likaelekea kuzama na gari la kambi likapiga honi.

Cuthbert siku hiyo alimaliza sahani mbili.

Msidhani Bwana Charles alisamehe. Kanuni ni kanuni. Hakumfukuza Mama Nestory, ila kesho yake alimwondoa jikoni akampeleka chumba cha dobi, na alikaa huko miezi mitatu akipungukiwa na posho, na siku nyingine nilimwona akipiga pasi ovaroli huku amekunja uso. Wachimbaji wakaanza kubeba sahani zao kwenda kulia chakula kwenye chumba cha dobi. Harufu ya maharage ikaingia kwenye mashuka ya wakubwa. Wakubwa wakalalamika. Mama Nestory akarudishwa jikoni, na Bwana Charles mwenyewe ndiye aliyemfungulia mlango, akasema, "Kabla hujaanza, nionyeshe ule ugali unasongwaje."

Shimo liliisha, wageni wakaondoka: Ramkissoon kwao, Cuthbert Guyana kwenye dhahabu, maana kwao mtu haachi kwenda. Tangu hapo Mama Nestory amefundisha wapishi ambao leo wametapakaa migodini Kanda ya Ziwa yote, na kalalu ya Jamaika imebaki kwenye ratiba ya Jumatano.

Nestory naye alihitimu ufundi, na miaka sita iliyopita Cuthbert akamtafutia kazi huko huko Guyana. Mama alimsindikiza bila kutoa chozi, kisha akakata vitunguu siku nzima ambavyo hakuna mtu aliyeviagiza. Nestory alipougua homa mwezi wake wa kwanza, wanawake wa mtaa ule walikuja na supu, wakakaa kwa zamu kitandani pake. Alipiga simu akashangaa: hawanijui, Mama, kwa nini wamekuja? Mama alimjibu kwamba aache kuuliza, amalize supu.

Sasa kuna mjukuu huko, ambaye amepewa jina la Anisia, na bibi anakwenda kumwona mwezi Agosti. Tumemshauri kuhusu mizigo. Hakusikia. Anabeba mwiko, sato wakavu na michembe.

Mama Nestory, kwa niaba ya wote uliowashibisha, wakiwemo waliokununia, tunakushukuru. Njia ikunyookee kwenda na kurudi. Mungu akujalie siku nyingi za kuketi mezani ukipakuliwa na wengine, na neema ya kukaa kimya chumvi ikizidi.