Mama Hapana Anavua Koti la Profesa

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi, Mkufunzi Mkuu wa Kitengo cha Ruzuku za Utafiti cha chuo kikuu chetu anastaafu. Jina lake limeandikwa kwenye jalada la ratiba hii ya kumuaga, lakini ukiliita koridoni hakuna atakayegeuka, pengine hata yeye mwenyewe. Sisi tunamwita Mama Hapana. Wenzangu wamenipa kazi ya kuandika wasifu huu kwa sababu mimi ni bibi harusi wa juzi, na wanaamini furaha imenijaa hadi masikioni. Ni kweli imenijaa. Ila nikifika kwake, kalamu inakuwa nzito.

Aliingia chuoni akiwa mpiga chapa wa maktaba, kisha akahamishiwa kitengo hiki kilipokuwa bado chumba kimoja chini ya ngazi. Wanafunzi wakipanda juu, vumbi lilishukia kwenye chai. Watafiti walileta maombi yao ya ruzuku dakika za mwisho, wakitaka muhuri tu na si maswali. Mwaka mmoja, ombi la watafiti wa udongo lilikataliwa kwa sababu ofisi ilituma kwa kufuata saa yetu, kumbe kwa mfadhili tayari ilikuwa kesho. Kiongozi wa mradi, mtu mzima mwenye mvi, alilia pale pale mlangoni.

Asubuhi yake Mama Hapana alikuja na saa ya pili ya ukutani, akaitundika kando ya ile ya kwanza na kuifuatisha saa za nchi ya mfadhili. Zipo hadi leo. Wageni wakiuliza ipi ni sahihi, huwaambia, "Zote. Ni kama mume na mke. Kila mmoja ana saa yake, kazi ni kujua mwenzio yuko saa ngapi." Mimi na mume wangu tumeihifadhi kauli hiyo kuliko zawadi zote za harusi, hata lile birika la umeme.

Machozi ya yule mtafiti ndiyo yaliyozaa mafunzo yetu. Mama Hapana aliusumbua uongozi mpaka ukampa chumba na ubao, akaanza kuwafundisha makarani, wahasibu na watu wa maabara namna ya kusimamia ruzuku. Baadaye bodi ya taaluma ilipoanzisha cheti cha wasimamizi wa ruzuku, chuo chetu kilikuwa tayari kina mwalimu.

Na mwalimu gani! Somo lake kuu lilikuwa namna ya kumwambia profesa hapana. Alivaa koti kubwa la kijivu lililosahauliwa na profesa mmoja zamani, akashusha miwani hadi ncha ya pua, akaketi kwenye kiti cha mgeni na kuanza kufoka: "Gari la mradi ni la nani kama si langu? Nataka libebe makochi ya binti yangu, leo hii!" Mwanafunzi alitakiwa amkatalie bila kutetemeka na bila kumvunjia heshima. Ukikataa kwa ukali, umeanguka. Ukikubali, umeanguka zaidi. "Ukimfungia mtu mlango," alisema, "mwonyeshe dirisha." Basi tukajifunza kusema: hapana Profesa, gari hili haliwezi, lakini kijana wa usafirishaji pale nje ana namba ya mwenye lori.

Ni katika zoezi hilo nilipompata mume wangu. Yeye alikuwa mtunza stoo wa maabara, mimi karani niliyeishia sekondari, na siku hiyo Mama Hapana alimvika yeye lile koti. Mikono ilimfunika vidole. Akaniomba gari la mradi kwa sauti ya upole, akinitazama kana kwamba mle chumbani hakuna mtu mwingine. Nilifungua mdomo niseme hapana. Hapana ikagoma kutoka. Mama Hapana akapiga meza: "Wewe dada, umeanguka vibaya sana! Ila nadhani umepata mchumba." Nililirudia zoezi wiki iliyofuata, nikiwa na profesa mwingine. Na siku ya harusi yetu alininong'oneza, "Mwanangu, leo tu ninakuruhusu useme ndiyo."

Sasa nifike pale panaponiuma. Katika ofisi yetu kila mtu hutundika cheti chake juu ya meza yake. Juu ya meza ya Mama Hapana pana msumari, na kwenye msumari pana mwavuli. Kanuni za bodi husema anayefundisha muhula fulani hawezi kufanya mtihani wa muhula huo, na kila muhula mwalimu alikuwa yeye. Alikitamani cheti hicho. Hakusema sana, lakini kila alipotundika cha mwingine alikinyoosha mara mbili, akarudi nyuma kukitazama, kisha akaenda kuuhamisha mwavuli wake kidogo, kama anayepima nafasi. Kinyozi hajinyoi, tulimtania. Alicheka. Laiti tungeacha utani mapema tukamshikia zamu.

Mwaka huu, ambao ni wa mwisho kwake, hatimaye tulimshikia. Mimi na mume wangu tulifundisha, yeye akakaa dawati la mbele na penseli mpya. Mtihani wa kuandika aliupita vizuri. Ukabaki ule wa ana kwa ana, ambapo mtahini huigiza profesa na mtahiniwa humkatalia. Ulifanyika katika chumba kile kile cha mafunzo. Mtahini alikuwa mama mmoja kutoka bodi, ambaye miaka ya nyuma alifundishwa humo humo.

Sisi tulitega masikio dirishani. Mama Hapana aliingia, akakuta koti la kijivu limening'inia kwenye kiti cha mgeni. Mazoea yana taabu. Akalivaa, akaketi, akashusha miwani na kufoka, "Gari la mradi ni la nani kama si langu?" Na yule mtahini, masikini, aliposikia sauti ile mgongo ukamnyooka wenyewe. "Shikamoo Profesa," akajibu, na kuanza kumkatalia. Alimkatalia vizuri sana! Akamwonyesha na dirisha. Kengele ilipolia ndipo Mama Hapana alipovua miwani taratibu na kuuliza, "Mwanangu, huu mtihani alikuwa anafanya nani?"

Tulicheka mpaka tukashikilia ukuta. Kisha tukaona uso wake.

Mtahini alitaka waanze upya. Mama Hapana alitazama foleni ya watahiniwa pale nje, kila mmoja na muda wake, akasema hapana, wenzangu wanasubiri. Mtihani wa kurudia ni muhula ujao, na bodi huwapokea walio kazini tu. Mkurugenzi wetu naye akamwita, akajitolea kuiandikia bodi ili impe cheti cha heshima. Wengi wetu tuliomba akubali. Mimi niliomba kwa machozi. Alitusikiliza wote, kisha akajibu kama anavyofundisha, kwa upole na bila kutetemeka: hapana, Mkurugenzi, cheti nisichokifanyia mtihani sitakitundika. Lakini dirisha lipo. Wekeni wakufunzi wawili wapokezane, muhula huu afundishe mmoja, ujao mwingine, asistaafu tena mtu na mwavuli ukutani.

Mkurugenzi alitia saini siku ile ile. Wakufunzi hao wawili ni mimi na mume wangu. Zamu ya kwanza ni yangu, na koti lile limeoshwa, linanisubiri. Nimelijaribu mbele ya kioo. Linanifika magotini, na bado lina harufu ya mafuta yake ya mkono.

Nyumbani anamsubiri mzee wake, dereva mstaafu, ambaye anasema ameishi na hapana zile tangu ujana na madirisha yake ndiyo yamemfanya azeeke akicheka. Mzee, tunakurudishia mkeo. Tumechelewa naye, utusamehe.

Mama, asante kwa saa mbili, kwa koti moja na kwa ndoa yetu. Chukua mwavuli wako, msumari tutauacha. Afya ikufuate, na siku zako ziwe ndefu na nyepesi. Na ikitokea jioni moja ukajiuliza kama tumekusahau, jibu letu ni lile ulilotufundisha: hapana. Hii, Mama, haina dirisha.